Mbwa Wako Amelegea Ghafla? Cheki Ufizi Kabla Hujakimbilia Sindano ya Ng'ombe

Kama uko na mbwa, fanya hivi leo jioni kabla hujalala. Mwinulie mdomo wa juu uangalie ufizi. Ukiwa wa pinki, poa, endelea na maisha. Ukiwa mweupe kama karatasi ama wa njano kama mafuta ya kupikia, msee, huo si uvivu, si uzee, na si jirani amemfanyia vitu. Damu yake inaisha.

Hii story inamhusu kila mtu anayefuga mbwa, hata yule wa Umoja aliyebeba kijibwa cha manyoya kwa kikapu. Lakini leo tunaipeleka mpaka Ngaremara, Isiolo. Ukitoka Isiolo mjini ukifuata barabara kuu ya Moyale, utaipita kabla ya kufika Archers Post, na hifadhi ya Buffalo Springs iko hapo tu jirani. Wengi wa wakazi ni Waturkana wanaofuga mbuzi, kondoo na ngamia. Huko mbwa si wa kupiga naye selfie. Fisi akikaribia boma saa nane usiku, ama wezi wa mifugo wakija, mbwa ndiye king'ora. Akilala chini na ugonjwa, boma limelala bila askari.

Sasa noma iko hapa. Mazingira kama ya Ngaremara yako na karibu kila kitu kinachoweza kumaliza damu ya mbwa: kupe, nzi wa kuuma, minyoo, mbweha wanaozunguka usiku. Na dawa iliyo karibu zaidi ni ile ya ng'ombe na ngamia, inayouzwa agrovet na kupimwa kwa macho. Ndiyo maana mbwa anaweza kuponea ugonjwa halafu auawe na tiba.

Chembe nyekundu ni boda boda za oksijeni

Tuanze polepole. Ndani ya damu kuna chembe nyekundu. Kazi yao ni kubeba oksijeni kutoka kwa mapafu na kuipeleka kila kona ya mwili, kama boda zinavyosambaza mizigo mtaani. Gereji inayozitengeneza ni uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Kwa mbwa, chembe moja hupiga kazi kwa takriban siku 110 hadi 120, kisha inazeeka, inaondolewa barabarani na wengu na ini, na madini yake ya chuma yanatumika kutengeneza nyingine.

Kwa mbwa mkubwa mwenye afya, chembe hizi huchukua kati ya asilimia 37 na 55 ya damu yote. Zikipungua sana, oksijeni haifiki. Moyo unaanza kukimbia kujaribu kufidia, pumzi inakuwa fupi, na mbwa aliyekuwa anafukuza kila pikipiki sasa anakuangalia tu kwa macho.

Zinapungua kwa njia tatu: zinavunjwa, zinamwagika, ama gereji imefungwa. Shika hizo tatu kwa kichwa, kwa sababu kila moja iko na tiba yake. Ukikosea njia, umekosea dawa.

Zinavunjwa: babesia, malaria ya mbwa

Huyu ndiye mkubwa wao. Babesia ni kijidudu kidogo kinachoingia ndani ya chembe nyekundu, kinazaana humo, kisha kinaipasua kitoke kutafuta nyingine. Ukiona inafanana na malaria, hujakosea, mbinu ni ile ile. Tofauti ni kwamba malaria huletwa na mbu, na hii huletwa na kupe. Na usiwe na wasi, babesia ya mbwa haikuingii wewe kwa kuishi naye.

Aina kali zaidi kwa mbwa wa Afrika inaitwa Babesia rossi. Mwanasayansi George Nuttall aliipa jina mwaka 1910, na hakuitoa kwa mbwa, aliipata kwa damu ya mbweha. Hiyo detail ni ya maana sana. Mbweha wa Afrika wameishi na kijidudu hiki tangu zamani na mwili umekizoea, kwa hivyo mbweha anakibeba bila kuonekana mgonjwa. Mbwa wa nyumbani hana hiyo mazoea. Mbweha anapita karibu na boma usiku, anaacha kupe kwenye nyasi, na mbwa wako anapita hapo asubuhi akifuata mbuzi.

Kati ya wiki moja na tatu baadaye, mambo yanaanza. Homa inapanda, chakula hakitaki, ufizi unapauka. Chembe zikipasuliwa kwa wingi, rangi nyekundu iliyo ndani yao inapitia kwa figo, na mkojo unatoka kama soda ya kola ama chai ya rangi. Ukiona mkojo wa hivyo, usingoje kesho. Babesia kali inaweza kumaliza mbwa kwa siku chache.

Kuna habari njema kidogo. Kupe akijishikilia, hapitishi babesia dakika hiyo hiyo. Kwa kawaida anahitaji siku moja mbili, ama hata zaidi, akiwa anafyonza. Kwa hivyo ukimcheki mbwa kila siku na kutoa kupe mapema, umekata ugonjwa kabla haujaingia. Hiyo ni bure kabisa.

Waulize simba wa Serengeti

Kama unadhani babesia ni shida ya mbwa koko tu, sikiza hii. Mwaka 1994, karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, Tanzania, walikufa. Lawama ilienda kwa distemper, virusi vinavyosambaa sana kati ya mbwa. Lakini virusi hivyo vilikuwa vimeshapitia simba miaka mingine bila kuua hivyo. Mbona 1994 ikawa balaa?

Mwaka 2008 watafiti walitoa jibu. Kabla ya vifo hivyo kulikuwa na ukame mkali. Nyati walikonda na kujaa kupe, simba wakala hao nyati, na kupe pamoja na babesia wakawajia simba kwa wingi. Virusi vilipokuja kushusha kinga ya mwili, babesia ikapata njia. Mwaka 2001 kitu kama hicho kilirudi Ngorongoro, tena baada ya ukame.

Sasa rudisha akili Isiolo. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Ukame ukikaza, mifugo inakonda, kupe wanapata wanyama dhaifu, na mbwa naye anakula kidogo. Mvua ikirudi, nyasi zinarudi na kupe nao. Kwa hivyo usidhani hatari inaisha mawingu yakionekana. Hapo ndipo unafaa kukaza macho.

Gereji imefungwa: ugonjwa uliopewa jina la Nairobi

Kupe mwingine, yule wa kahawia anayependa mbwa, analeta bakteria wanaoitwa erlikia. Huu ugonjwa una majina mengi duniani, na moja la zamani linataja Nairobi moja kwa moja: ugonjwa wa kutokwa damu wa Nairobi. Wakati wa vita vya Vietnam, uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, wengi wao German Shepherd. Kama umebeba German Shepherd kutoka Nairobi umpeleke ocha alinde mbuzi, hiyo breed huumizwa na erlikia kuliko nyingi.

Erlikia ni mjanja. Haiingii kwa chembe nyekundu, inaingia kwa zile nyeupe, na inamaliza chembe ndogo za kugandisha damu. Mbwa anaugua siku kadhaa, anapata nafuu, wewe unasema ameomoka. Kumbe ugonjwa umejificha. Miezi, hata miaka baadaye, unarudi na kushika uboho wenyewe. Gereji inafungwa, chembe mpya hazitoki, na mbwa anaanza kutokwa damu puani bila hata kugongwa.

Kupe wa kahawia pia si wa porini tu. Anapanda ukuta, anajificha kwa nyufa za kibanda, na jike mmoja anataga mayai kwa maelfu. Mbwa wa gorofani Pipeline yuko kwa hatari kama wa Ngaremara, bora kupe apate njia ya kuingia.

Surra: ugonjwa wa ngamia ulio na jicho kwa mbwa wako

Wafugaji wa ngamia wanaijua surra vizuri. Ni kijidudu cha jamii ya tripanosoma kinachoogelea ndani ya damu, na nzi wakubwa wa kuuma ndio hukihamisha. Ngamia anakonda, nundu inashuka, damu inaisha. Mbwa naye anaupata, ama kwa kuumwa na nzi hao, ama kwa kula nyama mbichi na damu ya mnyama aliyekufa nao.

Kwa mbwa ishara moja inasimama kando: jicho linaingia wingu la rangi ya samawati kama kioo chenye mvuke. Ukiona ufizi mweupe, uso umevimba na jicho lina ukungu, mwambie daktari wazi kwamba mbwa wako anaishi na ngamia. Hilo neno moja linaweza kumfanya atafute kitu tofauti kabisa.

Sumu iko jikoni kwako

Hapa hatuhitaji kupe wala porini. Vitunguu, vya maji na vya saumu, vinaharibu chembe nyekundu za mbwa hadi zinapasuka. Vibichi, vilivyopikwa, vya unga, vyote ni sawa, na vya unga ni vikali zaidi. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa zinatosha kuleta shida. Kwa mbwa wa kilo 10, hiyo ni kama kitunguu kimoja kikubwa ama viwili. Na kwa sababu dalili huchelewa siku kadhaa, hakuna mtu hukumbuka ile sufuria ya mchuzi ama kachumbari iliyobaki Jumapili.

Panadol nayo weka mbali. Mtu anaona mbwa ana homa, anampa nusu tembe akijua anasaidia. Kwa mbwa, dawa hiyo inaweza kuumiza ini na kugeuza damu ikawa ya kahawia isiyobeba oksijeni. Brufen nayo inaweza kumtoboa tumbo akavuja damu ndani kwa ndani. Dawa ya binadamu ibaki ya binadamu.

Zinamwagika: safura, viroboto na sumu ya panya

Kwa watoto wa mbwa, muuaji wa kimya ni minyoo ya safura. Inajishikilia kwa utumbo na kufyonza damu, na mtoto anaweza kuipata mapema sana kupitia maziwa ya mama. Kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, tumbo limefura, ufizi hauna rangi. Ongeza viroboto wanaonyonya kutoka nje, na kijibwa cha mwezi mmoja kinadedi bila kuumwa na kitu kingine chochote.

Safura inakuhusu pia wewe. Mabuu wake wakiwa kwa mchanga wanapenya ngozi ya binadamu, na mtoto anayecheza peku anapata mistari inayowasha na kutambaa kwa mguu. Ukimpa mbwa dawa ya minyoo, umelinda watoto wa boma zima. Vijibwa huanzishiwa wakiwa na wiki mbili, wanarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wafike wiki nane, kisha wakubwa kila miezi mitatu hivi.

Sumu ya panya je? Nyingi huzuia damu kuganda. Mbwa akiila, ama akila panya wengi walioila, atakaa fiti siku kadhaa kisha aanze kuvuja ndani bila kidonda chochote cha nje. Ukishuku hivyo, beba pakiti ya sumu uende nayo kwa daktari. Iko na dawa yake, lakini lazima ajue ni sumu gani.

Zingine mbwa huzaliwa nazo

Hii ni ya wale mnaofanya biashara ya kuzalisha mbwa. Basenji ni mbwa wa uwindaji kutoka Kongo, maarufu kwa kutobweka. Wazungu walichukua wachache tu wakawazalisha kati yao, na shida ya kurithi ikajaa kwenye ukoo: chembe nyekundu zinakosa kimeng'enya cha kutengeneza nguvu na zinakufa kabla ya wakati. Ilibidi mbwa wapimwe kabla ya kupandishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji Wamarekani wakarudi Kongo kutafuta damu mpya. Kwa hivyo ukipandisha kaka na dada juu unataka doh ya haraka, unauza ugonjwa na risiti juu.

Kwa nini sindano ya ng'ombe ni noma

Sasa turudi pale agrovet. Kuna dawa ya unga ambayo wafugaji huijua kwa ugonjwa wa mbung'o na wa kupe. Ndani yake kuna diminazini. Ni dawa halali, na hata madaktari huitumia kwa babesia ya mbwa. Shida si dawa, ni kipimo na utambuzi.

Pakiti moja ya kawaida imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa boma anaweza kuwa wa kilo 20. Piga hesabu: yeye ni sehemu moja kwa 15 ya huyo ng'ombe. Na kwa mbwa, tofauti kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni nyembamba sana. Ukizidisha kidogo ama ukirudia haraka, dawa inagonga ubongo. Siku moja au mbili baadaye mbwa anayumba kama mlevi, macho yanacheza, miguu inakakamaa. Hakuna dawa ya kurudisha hiyo nyuma.

Na hata ukipima sawasawa, umejuaje ni babesia? Kama ni erlikia, anahitaji dawa tofauti kabisa, ya kumeza kwa wiki nne hivi. Kama ni safura, anahitaji dawa ya minyoo. Kama ni kitunguu, diminazini haina kazi yoyote. Unaweza kumchoma sindano ya sumu kwa ugonjwa ambao hana.

Usimwoshe pia na dawa ya josho ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kubahatisha. Mbwa hujilamba, na kile kilichofaa kubaki kwa manyoya kinaishia tumboni.

Basi ufanye nini?

*Jua rangi yake akiwa mzima.* Mcheki ufizi mara moja kwa wiki ukiwa na mwanga wa mchana. Kuna mbwa wenye ufizi mweusi kwa asili. Hao vuta kope la chini uangalie ndani. Lakini skiza vizuri: kama mbwa amebadilika tabia, anatokwa mate ama anauma ovyo, ama ni mbwa usiyemjua, usiweke mkono mdomoni. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa, na hicho hakina msamaha.

*Tafuta kupe kila siku.* Ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, shingoni. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole moja kwa moja. Wacha mambo ya mafuta taa na kiberiti, na usimpasue kwa kucha.

*Tumia kinga ya mbwa.* Kola, matone ya mgongoni ama tembe zilizoandikwa kwa ajili ya mbwa na uzito wake. Fagia pahali analala, ziba nyufa.

*Akilegea, piga picha.* Ufizi kwa mwanga wa jua, mkojo kwa tishu nyeupe, kinyesi. Tuma kwa daktari wa mifugo kwa WhatsApp kabla hata hujapata gari. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, kwa hivyo ofisi ya mifugo ya Isiolo ni pa kuanzia. Ukiwa Nairobi, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete na KSPCA zinajulikana. Yeyote unayemlipa, uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya.

*Itisha kipimo cha damu.* Tone moja kutoka sikioni, likapakwa kwa kioo na kuangaliwa kwa hadubini, linaweza kuonyesha babesia ama tripanosoma hapo hapo. Mwambie daktari pia kama mbwa hajanywa maji siku nzima kwa jua. Mwili ukikauka, damu inakuwa nzito na kipimo kinaweza kudanganya kwamba chembe ziko za kutosha.

*Damu ya kuongezewa ipo.* Mbwa pia wana makundi ya damu. Kwa kawaida hawazaliwi na kinga kali dhidi ya kundi la mwenzao kama sisi, kwa hivyo ile mara ya kwanza huwa na hatari ndogo. Mara ya pili lazima wapimwe wafanane. Mbwa mkubwa mwenye afya kutoka kwa beshte yako anaweza kuokoa wako.

Ukiwa na buda ama guka huko Ngaremara anayekuambia "huyu mbwa amezeeka tu," mpigie leo. Muulize kitu kimoja: ufizi una rangi gani? Akisema mweupe, mwambie aweke ile sindano chini kwanza atafute daktari. Yule mbwa amelinda mbuzi waliolipa karo yako. Kumtafutia kipimo cha damu si kitu kikubwa cha kuomba.